Kopo Halirudi Tupu

20 Oktoba, Jumapili

Mvua ya kwanza leo. Imekuja bila hodi, ikanikuta nimeanika mashuka. Mabatini nzima, mtaa wetu hapa Mwanza, ikanukia vumbi lililolowa, nami nikasimama mlangoni kama mjinga badala ya kuanua, kwa sababu harufu ile ni ya kwetu Kamachumu, na mvua hii maana yake senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wako njiani. Na senene kwangu maana yake Projest.

Mama kapiga simu jioni, kama kila Jumapili. Siku hizi hata hasalimii. "Umemwona mdogo wako?" Nikasema bado. Akasema, "Haya," kisha akaniuliza kama nimekula. Najua anavyokata simu halafu anabaki ameishika.

Projest ni kitindamimba wetu. Alikuja kukaa kwangu akajifunze kuchomelea vyuma Igoma, akajifunza na unga, huu wa kulevya. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Msimu wa senene uliopita aliniaga anakwenda kununua vocha. Mpaka leo ananunua hiyo vocha. Kandambili zake ziko nyuma ya mlango, nazifuta kila Jumamosi. Nesi wa mapokezi ya dharura, ulimi kama wembe, halafu anafuta kandambili za mtu asiyekuwepo! Mtu akinicheka sitakasirika.

Kazini kila akiletwa kijana hajitambui, mimi natazama uso kwanza. Si utaratibu. Utaratibu ni kifua kwanza, kama kinapanda na kushuka. Najua, na bado natazama uso.

23 Oktoba

Joto la kuudhi. Ajali ya bodaboda, wote watapona. Nimekula wali mkavu.

28 Oktoba, Jumatatu

Asubuhi hata sijamaliza kupokea zamu, bajaji ikaja mpaka mlangoni. Akashuka mama mmoja wa Kisukuma, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto: "Mwanangu kawekewa sumu!" Majirani wawili wakamtoa kijana, kichwa kinaning'inia. Nikatazama uso. Si Projest. Nikashukuru, na papo hapo nikaona haya kwa kushukuru, maana midomo ya kijana ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Na maziwa kila mahali. Kidevuni, shingoni, puani. Mama yule, jina lake Sabina, alikuwa bado kashika jagi. Maziwa ni dawa ya sumu, ndivyo tulivyolelewa sote, nani Mwanza nzima hajaambiwa? Ila mtu asiyejitambua hamezi. Yale maziwa yalikuwa yanashuka mapafuni.

Nilimsugua kidari kwa vifundo vya ngumi, jambo ambalo humfanya hata mlevi anitukane. Hakuguna. Akakoroma mara moja, kisha kimya. Kimya mpaka ukajikuta na wewe umebana pumzi. Kisha akakoroma tena.

Nilikuwa nimeshaanza kusema malaria imepanda kichwani. Dokta Masele akainama akafunua kope. Huyu Masele ana mwezi wa pili kwetu, nami nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la vijana wa vitabu wanaoogopa matapishi. "Sista Jovina, tazama mboni." Zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hajitambui, hapumui vya kutosha, mboni zimesinyaa: mambo matatu, jibu moja, unga. Masele akapunguza sauti kumstahi mzazi. "Mama, kijana anatumia nini?"

"Hatumii kitu! Malimi wangu ameokoka!"

"Hatujauliza dini, mama," nikasema. Ulimi wangu hauna breki.

Tukafyonza maziwa kooni kwa mashine. Nikainua kidevu, nikabana barakoa usoni, nikaanza kuminya ambu, ule mfuko wa kupumulisha. Watu hudhani dawa ndiyo inayookoa. Hewa ndiyo inayookoa, dawa inakuja kusaidia. Tukapima na sukari, iko sawa. Masele akachoma naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, mshipani kidogo, akangoja, akaongeza kidogo. "Tunataka apumue tu," akasema. "Hatutaki aruke kitandani kwa arosto ya kukosa unga." Nikamtoa kwenye lile fungu hapo hapo.

Kifua kikaanza kupanda chenyewe. Midomo ikarudi rangi. Malimi akafumbua macho, akamwona mama yake. "Shikamoo mama."

Vigelegele! Sabina alipiga mpaka wodi ya wazazi wakadhani ni mapacha.

Nikamweleza taratibu, nikijitahidi. "Mama, asitoke hapa. Dawa yetu ni mgeni wa haraka, unga ndio mwenye nyumba. Mgeni akiaga, mwenye nyumba anarudi kukalia kiti chake, na mwanao anaacha tena kupumua. Lazima tumwangalie mpaka jioni." Akaitikia ndiyo, ndiyo, sista, Mungu akubariki. Ikaletwa ajali kutoka barabara ya Musoma, nikakimbilia huko. Niliporudi kitanda kitupu, dripu inachuruzika sakafuni.

Nikatimka mpaka getini. Mzee Shigela, mlinzi wetu, yuko kwenye kiti chake anachokonoa meno. "Yule kijana? Kapona yule! Kaniamkia, kaniongezea na Mwangaluka baba ya Kisukuma, kauliza na habari za ng'ombe. Mtu anayeamkia hivyo ni mgonjwa?"

Hata sisi wodini tukitaka kumtuliza ndugu wa mgonjwa tunamwambia, leo kaamkia. Hapo yule ndugu analala usingizi. Shikamoo kwetu ni cheti cha kutoka hospitali.

Niliwakuta ng'ambo ya barabara, kwa muuza ndizi. Sabina kasimama anatoa ushuhuda kwa wapita njia jinsi mwanawe alivyofufuka. Malimi kakaa kwenye benchi nyuma yake, kidevu kifuani. "Anapumzika," jirani mmoja akaniambia. Nikamsikia anakoroma mara moja, kisha kimya.

Tulimbeba mbio katika matope. Ambu tena, naloksoni tena, na safari hii Masele akaiweka kwenye dripu iwe inaingia polepole. Sabina alikaa sakafuni, jagi katikati ya miguu. Alikuwa mdogo ghafla. Nilitaka kumsema, nikamletea kiti.

Shigela nilimsema. Nilimsema mpaka akavua kofia. "Sista, nimekosa," akasema. "Kuanzia leo, mgonjwa wa wodini kwenu hatoki hapa kwa shikamoo. Hata aniamkie mpaka koo limkauke."

29 Oktoba

Malimi amezungumza. Anatetemeka, mafua, tumbo linamkata, arosto imemshika, lakini anapumua.

Anasema yuko jamaa kijiweni kwao, Mirongo kando ya mto, ndiye aliyemzoa jana akampeleka mpaka kwa mama yake Igoma. "Alimwambia mama, mpeleke hospitali, usimpe kitu mdomoni. Mama akamfukuza kama mwizi."

"Jina lake nani?"

"Tunamwita Mhaya. Pro."

Nilikuwa nafunga bandeji, nikafunga vibaya. "Hupiga mluzi akiwa na njaa?"

"Hata akishiba, dada."

Nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Yuko hai. Yuko hapa hapa, kwa miguu unafika, na mwaka mzima mama yangu ameshika simu.

Nimemfundisha Malimi kila kitu, akawaambie na wengine. Mtu akizidiwa: muiteni, mtikiseni. Hapumui vizuri, mpulizieni mdomoni, kidevu juu. Akipumua mlazeni ubavu. Maziwa hapana, chumvi hapana, maji ya kichwani hapana. Msimwache peke yake, mleteni. "Na mwambie Pro dada yake hana hasira," nikasema. Malimi akanitazama usoni, akacheka. "Hiyo hataamini."

3 Novemba, Jumapili

"Umemwona mdogo wako?"

"Bado, mama." Sikuweza kumwambia nimesikia habari zake. Mama akisikia habari atataka na sauti, na sauti sina.

9 Novemba

Nimekwenda Mirongo. Mto umejaa, umebeba chupa na majani ya migomba. Nyuma ya ukuta mbovu wako vijana watano, sita, maboksi yao yamelowa. Wote waliniamkia. Niliuliza, nikajibiwa kwa adabu ya kunifukuza: "Mhaya katoka, mama." Mama! Mimi!

Walikuwa wanatazamana. Nikajua yuko karibu, ananiona. Basi nikauambia ukuta kwa sauti: "Mama anakuulizia kila Jumapili. Mimi pia." Nikajisikia mwehu. Nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia kama mluzi, au maji tu. Nimekitamani kile kichwa chake chenye masikio makubwa mpaka mikono inaniuma.

12 Novemba

Malimi ameanza kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga. Kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake mbele ya nesi, Sabina nyuma kama askari. Leo Sabina kapitia kwangu, kaweka jagi mezani. "Maziwa haya ni ya nesi," akasema. "Nimeona yuko macho, anameza." Tumecheka wote wawili. Na mimi nilimdhania mtu wa kelele tu.

16 Novemba

Meli ya Bukoba imeleta mzigo kutoka kwa mama. Senene! Wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaushwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Nilifungua nikakaa chini.

Tulikuwa tukiamshwa alfajiri na Projest, sisi tusio na mbio, tukaokote senene kwenye majani yenye umande. Yeye alikuwa wa kwanza kujaza mfuko na wa mwisho kunyonyoa. Hana subira. Anang'oa miguu, mbawa anasahau, mama anampiga kofi la mgongo: "Waitu, jamani, unatulisha manyoya!" Naye anacheka kinywa kimejaa. Kile kicheko ndicho ninachokitaka. Mengine yote nimeshayasamehe, hata sikumbuki yalikuwa mangapi.

17 Novemba, Jumapili

"Umemwona mdogo wako?" "Bado, mama."

Nimekaanga nusu kwa kitunguu na chumvi, nimejaza kopo la kahawa, nimempa Malimi ampelekee. Nimesema, "Mwambie kopo ni la mama." Hayo tu.

Malimi hakuelewa. Projest ataelewa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utakirudisha hata na kitunguu kimoja au chumvi kiganjani, lakini hukirudishi tupu, na hukai nacho. Mama alitutwanga kwa jambo hilo kuliko hata kwa sala. Nimemtega mdogo wangu kwa adabu ya mama yake. Sina mtego mwingine ninaoujua.

18 Novemba

Malimi kafikisha. Anasema Pro alifungua kifuniko, akanusa, akafunga, akaenda kukaa mbali na wenzake. Kopo halijarudi.

21 Novemba

Mvua. Kopo halijarudi.

24 Novemba, Jumapili

"Umemwona?" "Bado." Kopo halijarudi. Nimemgombeza Masele kwa sababu ya glovu ambazo hakuzigusa. Aliniuliza, "Sista, unamngoja nani? Kila mtu akiingia unaruka." Nikamwambia. Hakuniambia pole wala nini. Aliuliza jina, akasema, "Akija zamu yangu nitakupigia saa yoyote." Ndipo nikaomba radhi ya glovu.

27 Novemba, Jumatano

Naandika kabla sijabadili nguo.

Mchana, mvua ya mawe, bati linapiga kelele huwezi kusikia mtu. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Mlango ukasukumwa kwa mgongo. Vijana wawili wamemshika mwenzao, mmoja kwapani, mmoja miguuni. Wa miguuni Malimi. Wa kwapani alikuwa anapiga hatua, anainama, anapuliza mdomoni mwa yule mgonjwa, anapiga hatua tena. Alipoinua kichwa ili avute pumzi, masikio makubwa yale.

Nilikuwa nimeota siku hii mara nyingi. Katika ndoto nakimbia.

"Dada," akasema, "nimempulizia njia nzima. Ngosha. Anaitwa Ngosha. Hakunywa maziwa."

Ngosha alikuwa rangi ya majivu. Nikatazama kifua. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nikatazama kifua kwanza, na kilikuwa hakipandi. Barakoa, kidevu juu, ambu. Mkono mmoja unabana uso, mmoja unaminya. Hakuna nesi mwingine. Yule mwenzangu alikuwa kampeleka mgonjwa kupigwa eksirei. Masele anatafuta mshipa gizani, mishipa yote ya Ngosha imeisha kwa sindano, haupati.

Projest kasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, shati limemganda kwenye mbavu. Hatua nne toka kwangu, labda tano. Akaanza kurudi nyuma.

"Projest, usiondoke."

Akatikisa kichwa, ndiyo au hapana, sijui.

Nikiachia ambu, Ngosha anakufa. Nisipoachia, Projest anaondoka. Sikuwahi kuichukia kazi yangu kama dakika ile. Mikono ilijua kazi yake, ikaendelea kuminya, mimi niliyebaki nilikuwa mlangoni. "Projest! Mama kaleta senene!" Hebu fikiria, mtu mzima anapiga kelele za senene juu ya maiti. Nililia huku naminya, machozi yanadondoka kwenye barakoa.

Masele akaacha mshipa, akachoma naloksoni msulini pajani. "Endelea, sista. Usimwangalie yeye. Endelea." Nikaendelea. Dawa ya msulini haina haraka. Akachoma ya pili. Hatimaye Ngosha akavuta pumzi moja ndefu yenye kelele, kisha nyingine, na umeme ukarudi.

Nikageuka. Mlangoni palikuwa na maji tu sakafuni.

Nilitoka mpaka getini kwenye mvua ya mawe. Shigela akasema hakupita kwake, ameruka ukuta wa nyuma. Mzee wa watu alinivulia koti lake.

28 Novemba

Ngosha kaamka vizuri. Kafumbua macho, akaniambia, "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba nikatoka nje, maana si sauti niliyoitaka, na si kosa lake. Tulikaa naye mpaka leo asubuhi. Masele kamwandikia kliniki.

Ngosha anasema Pro hulala ameegemeza kichwa kwenye kopo.

1 Desemba, Jumapili

"Umemwona mdogo wako?"

"Nimemwona, mama."

"Amekonda?"

"Amekonda. Lakini ameokoa mtu. Alimpa pumzi yake."

"Yuko hapo?"

"Hayupo."

Mama akasema, "Haya." Hakuuliza kama nimekula.

4 Desemba

Mvua imepungua. Senene sokoni wamepanda bei, dalili wanaisha. Kopo halijarudi.

8 Desemba, Jumapili

Nilikuwa zamu ya asubuhi. Simu ya Shigela, yeye ambaye hapigi simu, huita tu kwa mdomo. "Sista, njoo getini. Kuna mtu kaleta kopo. Anataka kuliacha aondoke. Kaniamkia vizuri sana, nimemkatalia."

Nilikimbia. Ndani ya kibanda cha mlinzi, kwenye kiti cha Shigela, amekaa Projest na kopo la kahawa mapajani. Mbele yake kikombe cha chai. Shigela kasimama mlangoni kajaza mlango wote, rungu mkononi. "Nimemwambia hapa mtu hatoki kwa shikamoo," akasema. "Nilishaapa."

"Nimemwambia mimi si mgonjwa," Projest akasema, anamtazama Shigela, hanitazami mimi. "Mzee hasikii."

"Wewe kaa," Shigela akamwambia.

Ndipo akanitazama. "Shikamoo dada."

Sikuitikia. Nilimshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga, nikatazama mboni. Za kawaida, zimetanuka kidogo, mafua, vinyweleo vimesimama: hajatumia tangu jana. Nikatazama kifua. Kinapanda, kinashuka. Nikakitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka Shigela akageukia barabarani akajifanya anahesabu magari.

"Marahaba," nikasema.

Nikafungua kopo. Senene wabichi, wa taa za barabarani, kawaokota mwenyewe. Miguu imeng'olewa. Mbawa zote zipo.

"Utatulisha manyoya," nikamwambia.

Akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akauliza chini chini, "Malimi anakunywa ile dawa yake saa ngapi?"

"Asubuhi. Kesho nitakupeleka." Nikaona anatazama geti. "Au utakwenda mwenyewe. Ila leo twende nyumbani, kandambili zako ziko mlangoni."

Masele alinishikia zamu.

Jioni hii tulikaa jikoni tunanyonyoa mbawa. Mikono yake inatetemeka, anatoa jasho, mara mbili alisimama akaenda mlangoni, mara mbili akarudi. Sijafunga mlango. Nilikuwa nimeshawabandika senene motoni simu ilipolia.

"Umemwona mdogo wako?"

Nikampa Projest simu. Aliishika kama kitu cha moto. "Shikamoo mama," akasema, na huko Kamachumu mama akaanza kuita jina lake, jina tu, tena na tena, na yeye akawa anaitika kila mara, "Naam mama, naam." Senene wakaanza kuungua. Hakuna aliyenyanyuka kuwaepua.